"Ni utani tu" imekuwa kichaka cha kujifichia, mtani wa kweli ana kazi ya kufanya

Mleta uzi:
Wakuu habari za jioni, wakubwa zangu shikamooni. Uzi ni mrefu kidogo, mwenye haraka apite tu hatutamlaumu.

Siku hizi mtu anamtukana mwenzie kwenye grupu, kabila lake, sura yake, mpaka marehemu wake, halafu akibanwa anatoka na "jamani si utani tu, mbona unakuwa siriasi". Hapo ndipo mimi sikubali. Baba yangu Mnyamwezi, mama Mzaramo wa Kisarawe, kwa hiyo utani kwetu ulikuwa ndani ya nyumba. Mjomba akija Tabora kututembelea anakamata jogoo wa baba mchana kweupe, anachinja, anakula, na baba anacheka tu anamwambia "mtumwa wangu leo ulikuwa na njaa". Mgeni asiyejua angedhani hawa watu wanagombana maana maneno yaliyokuwa yanatoka pale siwezi kuyaandika humu. Lakini babu alipofariki, mjomba huyohuyo ndiye aliyetangulia kushika jembe makaburini, na ndiye aliyekuwa anazunguka kwa wafiwa kuhakikisha wamekula, huku akimsema marehemu kwamba amekufa makusudi kukwepa deni lake la kuku.

Sasa hawa wa mtandaoni wanataka ile sehemu ya kutukana, ile ya jembe hawaitaki. Mtu hajui kwenu, hajawahi kukupa hata maji, ukifiwa hatakuja, anakwambia mimi mtani wako. Utani na nani?

Kwa wasiojua asili yake, maelezo ni mengi na kila kabila lina lake, ila la kwetu linajulikana. Karne ya 19 Wanyamwezi walikuwa wanabeba pembe za ndovu toka Unyanyembe, huko Tabora, mpaka Bagamoyo, wanapita Ugogo ambako lazima mlipe hongo, yaani ushuru wa kupita, kwa watemi, wanashuka Usagara, Ukwere, Uzaramo mpaka pwani. Miezi unatembea na mzigo begani. Sasa wewe fikiria mwenzenu ameugua katikati ya pori la watu, chakula kimeisha, lugha hamsikilizani vizuri, mtamwacha kwa nani? Ndio hapo mambo ya utani yanapoingia. Ukishakuwa na mtani njiani una pa kulala, una pa kula bila kuomba, na ukifa kuna wa kukuzika. Na yeye akija kwenu ni vilevile. Kejeli zilikuwa ni namna ya kuonyesha kwamba sisi hatuogopani, mimi nikikwambia una kichwa kama mtungi na wewe usiponuna, basi mzigo wangu naweza kuuacha kwako nikalala usingizi.

Baadaye reli ya kati ilipojengwa, ilianza Dar 1905 ikafika Tabora 1912 na Kigoma 1914, watu wakazidi kuchanganyikana, utani nao ukapanda treni.

Karibuni wenye ya kwenu.

Mdau wa Songea:
Mkuu umegusa mahali penyewe. Sisi Wangoni ya kwetu haikutokana na biashara, ilitokana na mkuki. Wazee walitoka kusini kabisa huko kwa Wazulu, wakavuka Zambezi 1835 wakiwa na kiongozi wao Zwangendaba, wakapanda mpaka Ufipa, yeye akafia huko, watu wakagawanyika wengine wakashuka kuja Songea. Kila walipopita walipigana, usiniulize nani alianza. Na Wahehe walipigana vita kali miaka ya 1870 na kitu mpaka 80 na kitu, hakuna aliyemmaliza mwenzie, leo hii Mhehe ndiye mtani wangu namba moja na namwambia wazi ukija kwangu mbwa wangu namfungia ndani usije ukamla. Yeye ananijibu kwamba babu zangu walikimbia toka Afrika Kusini mpaka hapa kwa woga halafu tunaita ushindi hahahaa.

Ninachotaka kusema, Wangoni waliobaki Zambia na wenyewe wanataniana na Wabemba, na wenyewe walipigana zamani. Kwa hiyo sio bahati mbaya, inaonekana kabisa waliopigana na wakashindwa kumalizana ndio wanaokuja kuwa watani. Yule uliyemnyonga ukamtawala moja kwa moja hawezi kukutania, atakuchekea usoni akitoka nje anakulaani.

Mdau wa Same:
Naomba kuuliza, huu uzi kuusoma wote unakula bando kiasi gani? Nataka nisome nusu, nusu nyingine nimwachie shemeji anisomee kwa sauti.

Mdau wa Moshi:
@Mdau wa Same nilijua lazima utatokea na hilo 😂 Wapare bwana. Watu wanaotundika samaki kwenye kamba juu ya meza, kila tonge la ugali wanamtazama tu. Na kesi je? Mpare anauza ng'ombe apate nauli ya kwenda mahakamani kudai kuku.

Mdau wa Same:
Na tunashinda. Kuku anarudi na gharama za kesi juu. Wewe ndugu yako akizimia hapo Kibosho hamuiti daktari, mnadondosha sarafu sakafuni, asiposhtuka ndio mnapigia simu kanisani.

Mdau wa Moshi:
😂😂😂 sarafu ya mia mbili lakini, ya hamsini hata mzima hashtuki.

Mleta uzi:
Angalieni hawa wawili. Hii ndiyo yenyewe, mmoja anatupa mwingine anarudisha, hakuna aliyekaa upande wa kupigwa tu. Na nina uhakika Desemba Mchaga huyu akiharibikiwa gari pale Same akielekea kwao kula Krismasi, wa kumvuta ni huyuhuyu.

Mdau wa Same:
Nitamvuta. Kamba atalipia.

Mdau wa Mbagala:
Mimi niwe tofauti kidogo, mtanisamehe. Mnausifia sana huu utani wa misibani ila kuna mengine ni unyang'anyi. Nimeona msiba mmoja hapa mjini watani wamelala mbele ya gari lenye jeneza wanataka pesa ndio gari lipite, mjane analia, mchango wenyewe ulikuwa wa kuungaunga. Mwingine kavaa koti la marehemu na miwani yake anaigiza anavyotembea, watoto wa marehemu wadogo wanaangalia. Mnaniambia hiyo ni faraja? Faraja kwa nani?

Mleta uzi:
Swali zuri sana na sitalikwepa. Kuvaa nguo za marehemu na kumwigiza ni mambo ya asili kabisa, kuzuia mazishi kidogo nayo ipo tangu zamani, hata kulala kaburini kwanza kabla ya marehemu watani wengine wanafanya. Kule kwetu nimeona watu waliokuwa hawajalia siku mbili, wamekauka kabisa, mtani akaanza kuigiza jinsi mzee alivyokuwa anakohoa kabla ya kuomba chai, wakacheka mpaka wakalia, na kulia kwenyewe ndiko kulikokuwa kunatakiwa. Kwa hiyo kuna faraja, ila inataka mtu anayeujua msiba.

Lakini angalia malipo yalikuwa nini. Mtani alikuwa anapewa kuku, chungu, kipande cha nguo, na hiyo ni baada ya kuchimba kaburi, kubeba maji, kupika, na sehemu nyingine hata kumwosha marehemu, kazi ambazo wafiwa wenyewe hawatakiwi kuzigusa. Alikuwa anadai ujira wake kwa njia ya kuchekesha. Mjini makaburi yanachimbwa na vijana wa kulipwa, chakula kinapikwa na mama wa kukodiwa, mtani anakuja kapiga suti, hajashika hata sufuria, halafu analala mbele ya gari. Huyo unayemsema wewe ni mchango wa pili, sio mtani. Mimi ningekuwa mwenyekiti wa kamati ya mazishi ningemuuliza kitu kimoja tu, jembe lako liko wapi.

Mdau wa Mbagala:
Hapo nimekuelewa. Ila yule wa kwenye gari alipewa elfu hamsini na akaondoka kabla ya dua.

Mdada wa Moro:
Shikamooni kaka zangu. Naona mmeongelea makabila tu, utani wa kwenye ukoo mmeuruka. Bibi kumwita mjukuu wake "mume wangu", babu kumwita mjukuu "mke wangu wa mwisho huyu", binamu kwa binamu, shemeji kwa shemeji. Huko nako kuna mambo. Babu na bibi sina tatizo nao, ni raha, mtoto anapata mtu mzima wa kumjibu bila kuchapwa. Tatizo langu ni mashemeji. Mwanaume mzima anakushika kiuno mbele ya watu, ukimtoa mkono anasema "wewe si shemeji yangu, utani huo". Na ukilalamika wewe ndiye unaonekana hujafundwa. Nimelivumilia hili kwa miaka na sitalivumilia tena, nilimwambia mume wangu achague kuongea naye yeye au niongee mimi, akaongea.

Mleta uzi:
Dada yangu marahaba, na pole. Hapo ndipo uzi wote ulipo. Wazee walikuwa na mipaka kwa kila mtu: mama mkwe unamheshimu mpaka unapishana naye njia, baba yako humtanii kabisa, shemeji unamtania, babu unamtania. Unaona ni mpango mmoja, upande wa heshima kali na upande wa uhuru, na kila mtu anajua amesimama wapi. Kuna mwanazuoni wa Kiingereza, Radcliffe-Brown, aliandika mwaka 1940 kuhusu hizi habari kwenye makabila mengi ya Afrika na kwingine, akasema kinachofanya iwe utani ni kwamba mmoja ana ruhusa ya kukejeli na mwenzie anatakiwa asichukie, na mara nyingi ni kwa pande zote mbili. Watu wanapenda kukumbuka lile la kutochukia, lile la pande zote mbili wanalisahau. Shemeji anayekushika wewe na wewe huwezi kumfanya lolote, pande mbili ziko wapi hapo?

Halafu mwingine alikuwa anaitwa Moreau, huyu alikuwa anafanya kazi kituo cha utafiti kule Amani milima ya Usambara na anachunguza ndege, mtu wa ndege kabisa, lakini akavutiwa na utani akaandika makala 1941 na nyingine 1944 kuhusu Tanganyika, makabila gani yanataniana na yapi. Mimi huwa najiuliza ilikuwaje, labda wafanyakazi wake walikuwa wanataniana hapo ofisini mpaka akaacha kuangalia ndege.

Mdau wa Nairobi:
Sasa nyinyi watu wa Bongo mna bahati sana na hamjui 😅 Huku kwetu tulikuwa na mchongoano shuleni, mnasimama wawili katikati, wengine wamewazunguka, "ati nyinyi mko sota mpaka panya wa kwenu wanahama na godoro", mwenzako anarudisha, anayeishiwa ameenda. Hakuna mtu alikuwa anakasirika, na ukikasirika ndio umeshindwa. Hiyo ilikuwa poa kwa sababu ilikuwa ni ya kubuni, kila mtu anajua hakuna panya na godoro.

Lakini ya makabila huku ni kitu ingine. Komedia wetu wanatania Mjaluo ni maringo, Mkikuyu ni pesa, Mkamba sijui nini, ukumbi wote unacheka, ikifika mwaka wa uchaguzi hayo hayo maneno yanarudi na hakuna mtu anacheka. Baada ya zile vurugu za uchaguzi za 2007 na 2008 tukatungiwa sheria ya utangamano, ikaundwa tume ya kuisimamia, NCIC, na kuna wanasiasa wamepelekwa kortini kwa maneno. Mimi naona ni kwa sababu huku hakuna ile ya mkataba. Hakuna kabila iliwahi kukaa na nyingine ikasema sisi ni watani, nikikufia unanizika. Tulichukua mzaha tu bila hiyo nyingine.

Mdau wa Songea:
Mkuu wa Nairobi umeandika kitu kizito. Lakini hata huku sio kila kabila linataniana na kila kabila, hii watu wanakosea. Mimi Mngoni nina watani wangu wanajulikana. Siwezi kwenda kwa mtu yeyote tu nikaanza. Nikifika ugenini kwanza nauliza, wewe mwenzangu wa wapi? Akinitajia kwao ndio najua leo nalala kwa amani ama nalala kwa matusi. Zote nzuri.

Mdau wa Leicester:
Mimi nipo Uingereza nafanya kazi ghalani, kupanga mizigo, usiku. Hawa watu wanataniana si mchezo. Nilipoanza wiki za mwanzo wote walikuwa wananiongelesha kwa adabu, tafadhali na asante nyingi, nikadhani wananipenda. Siku moja wakaanza kunicheka nguo zangu za baridi kwamba nimevaa duka zima, mzee mmoja pale, fundi wa mashine, akaniambia usiwe na wasiwasi, hapa wakikuheshimu sana ujue hawajakuzoea. Tangu hapo nikawa narudisha. Timu yake ya mpira inafungwa kila wiki kwa hiyo silaha ninazo.

Lakini na wao wana mpaka. Sheria yao ya usawa ya 2010 inaangalia maneno yamemfanyaje aliyeambiwa, sio aliyesema alikusudia nini peke yake. Kwa hiyo ukimfanyia mtu kejeli za rangi yake au dini yake kazini halafu ukajitetea kwamba ulikuwa unatania tu, utetezi huo haukutoi. Ipo tofauti na kwetu ambapo ukoo ndio ulikuwa unaamua, huku ni idara ya rasilimali watu na barua.

Mleta uzi:
Hiyo ya "wakikuheshimu sana hawajakuzoea" nimeipenda, hata mama yangu angekubaliana na huyo fundi.

Na tusidhani ni sisi tu Afrika Mashariki. Mali huko mtu wa ukoo wa Keita akikutana na Coulibaly hata kama hawajawahi kuonana, mmoja anaanza "nyinyi wala maharage", basi safari imekuwa nyepesi. Wanaita sanankuya. Niger wao utani wao uliingizwa na UNESCO kwenye orodha ya urithi wa dunia usioshikika mwaka 2014. Wa kwetu bado tunaujadili kwenye simu.

Shabiki wa Jangwani:
Nyie wote mnazunguka mbuyu, watani wa jadi nchi hii ni wawili tu. Yanga ya 1935 na wale wengine wa 1936. Tarehe 5 Novemba 2023, tano moja. Sina la kuongeza, nanyoosha tu kiganja.

Shabiki wa Msimbazi:
Chura kapata mvua kidogo tu anapiga kelele mpaka kwenye nyuzi za watu. 1977, sita bila. Kiganja chako kina vidole vitano, cha sita utakopa wapi? Na 2012 tano bila, hiyo nakupa bure kama chenji.

Shabiki wa Jangwani:
1977 babu yako ndiye aliyeangalia, wewe unasimuliwa. Na 1968 tano bila mbona hukuitaja kolo wewe?

Shabiki wa Msimbazi:
1968 Simba ilikuwa inaitwa Sunderland, peleka malalamiko Uingereza kwa mdau wa Leicester.

Mdau wa Leicester:
Msinihusishe 😂 huyo fundi wangu ndiye wa Sunderland kweli na nimeshamchosha.

Mleta uzi:
Hawa nao nawakubali kwa asilimia kubwa, na nitasema kwa nini. Kwenye familia moja baba Simba, mama Yanga, siku ya mechi baba anakula mabaki kama wamefungwa, kesho yake maisha yanaendelea. Ofisini aliyefungwa ananunua chapati. Ila kuna wachache siku hizi wamevuka, wanamtukania mchezaji mama yake, wanamvizia mtu na jezi yake mtaani. Wakishikwa, neno ni lilelile, "ni utani wa jadi". Watani wa jadi wasingekupasua kichwa. Na kwa taarifa yao nchi ina Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 na uonevu wa mtandaoni umo ndani, hakimu hataki kujua timu yako.

Mdau wa Bukoba:
Nimechelewa kidogo, nilikuwa kwenye mazungumzo ya kimataifa. Sisi Wahaya hatutanii watu, sisi tunawaelimisha, wao wanadhani tunajisifu.

Mdau wa Same:
Mwalimu umefika. Tuletee senene basi, au na zenyewe ziko kwenye mazungumzo ya kimataifa.

Mdau wa Mbagala:
Swali la mwisho kwa mleta uzi. Watoto wetu wa mjini hawa, baba Mha, mama Msambaa, amezaliwa Temeke, Kiha hajui, Kisambaa hajui, babu yake amemwona mara moja. Mtani wake nani?

Mleta uzi:
Hili nimelifikiria sana maana na mimi wanangu wako hivyo, mama yao Mbondei. Wazee wa upande wa baba watakwambia anafuata ukoo wa baba basi, wa upande wa mama nao hawakubali kumwachia. Mimi naona mtoto wa Temeke mtani wake atakuwa yule jirani ambaye wanachukuliana sukari bila kuhesabu, wanaitana majina mabaya toka utotoni, na siku ya shida anakuja na jembe, hata kama jembe lenyewe siku hizi ni boda boda ya kumwahisha mgonjwa hospitali ya Amana. Makabila yalianza hivyohivyo, hakuna aliyeshushiwa orodha ya watani toka mbinguni.

Mdada wa Moro:
Na sukari asirudishe?

Mleta uzi:
Akirudisha huyo sio mtani, huyo mkopeshaji.

Mdau wa Same:
Hapo kwenye sukari naomba tufungue uzi mwingine, kuna watu wa Moshi wana kilo mbili zangu tangu Pasaka na nina mashahidi.